Mnara wa Wabeba Kengele

"Hivi Koku, mbuzi nao wana wafu wao wa kuwaombea?"

Swali hilo Ma Violeth, jirani yake, alimuuliza miaka kadhaa nyuma, wakiwa nyumbani Kitendaguro, kila mmoja upande wake wa ua, wanamenya ndizi za mchana. Kokushubila alicheka, akauliza ni mbuzi gani hao wacha Mungu. Ma Violeth akasema ni wa kwao alikozaliwa, Kyamuhoro, kule Muleba. Ukiwafungulia asubuhi hawaendi kwenye majani. Wanapanda moja kwa moja hadi kwenye mnara wa wafu pale kanisani, wanalamba mawe, wanalamba tena, kama Wakristo wanaobusu msalaba Ijumaa Kuu. Ukiwachapa fimbo wanazunguka nyuma, wanaendelea.

"Wewe unalipwa kwa kuuliza watu," alisema Ma Violeth. "Siku moja niulizie na mbuzi."

Wakacheka, ndizi zikaiva, maisha yakaenda. Baadaye Ma Violeth akaugua presha, akafa, akazikwa, na swali lake likazikwa naye. Lilifufuka siku ambayo Sajini Kokushubila wa ofisi ya upelelezi, Bukoba, alipanda kilima cha Kyamuhoro na kuukuta mnara wenyewe umelala chini kama mtu, na mbuzi wawili wameinamia kisiki chake.

Mnara wa Wabeba Kengele si mkubwa. Ni nguzo ya mawe ya mchanga, yale ya rangi ya kutu yanayochongwa kwenye magenge yetu, ndefu kuliko mtu aliyenyoosha mkono. Wakati wa Wajerumani kengele ya misheni ililetwa kwa njia ya ziwa, na vijana wa Kyamuhoro wakaambiwa waipandishe. Kamba ikakatika katikati ya genge. Waliosalia ndio waliochonga yale mawe na kuandika majina ya wenzao waliokufa, na kengele wakaipandisha vilevile. Tangu hapo, kila mwaka siku ya kumbukumbu yao, watu hukata nyasi mbichi wakazitandaza kuzunguka mnara, kama unavyotandika nyasi nyumbani ukimngoja mgeni wa heshima.

Tetemeko la mwaka 2016 liliupasua. Ulikaa miaka umefungwa miti na kamba, kama mgonjwa aliyevunjika mguu, mpaka akaja mtaalamu wa kuhifadhi majengo ya kale aitwaye Gamaliel, akamchagua mwashi mmoja wa Kashai, Byabato, na wawili hao wakaukarabati. Watu walipiga vigelegele. Kumbukumbu ilipokaribia, Ta Rweyemamu, katekista mstaafu, akaenda kutandaza nyasi kama alivyofanya tangu ujana wake. Alikuwa amepiga magoti pale chini, mnara ukamwangukia.

Jioni ile ile Byabato alikamatwa. Sasa yuko mahabusu Bukoba, kwa kosa la kuua bila kukusudia, na kijiji kizima kinajua alivyoua: amekula simenti. Wanasema hata mtoto anaona. Ukichukua ule mchanganyiko uliounganisha mawe, unaukwangua kwa ukucha unatoka unga mweupe. Simenti haipo.

Mkuu wake Kokushubila aliona kesi imekwisha kabla haijaanza. Jalada linajieleza, alimwambia, aende akapige picha, aandike maelezo ya mjane, jalada liende kwa mwendesha mashtaka. Kokushubila akajibu ndiyo, afande. Alipotoka nje akamkuta Joanitha, mke wa Byabato, pale pale anapokaa kila asubuhi, kwenye benchi la wageni, na hotipoti ya chakula cha mumewe magotini. Joanitha haulizi kitu. Anasimama, anaamkia, anakaa. Siku hiyo tu ndiyo alifungua mdomo.

"Afande, huko unakokwenda, wakikuambia ameiba, waulize alijengea wapi. Sisi chumba chenyewe tumepanga."

*

Gamaliel alikuwa amemtangulia pale kilimani. Ni mtu wa miwani na kofia ya jua, mpole, na siku hiyo uso wake ulikuwa wa mtu aliyefiwa. Kokushubila alimwomba asiseme kitu kwanza. Akauzunguka mnara ulioanguka, akainama, akasimama, akazunguka tena. Ndivyo alivyofundishwa: kitu kikianguka, kabla hujauliza nani, uliza kimeanguka vipi.

Mnara ulikuwa umelala mzima. Mawe sita yameshikana, jiwe kwa jiwe, kutoka kichwani hadi magotini, majina ya wabeba kengele yanaangalia mbinguni. Palipokatika ni chini kabisa. Jiwe la msingi ndilo lililosagika. Si kupasuka, kusagika. Aligusa kwa kidole, likamomonyoka kama andazi la juzi.

"Ule mchanganyiko ni wa nini?" aliuliza.

Gamaliel alisema ni chokaa na mchanga, na ni yeye aliyeagiza hivyo. Mawe haya ni laini, yanapumua, maji yanaingia na kutoka. Ukiyafunga kwa simenti, maji yanakosa njia, jiwe linaozea ndani. Wazee waliojenga walitumia chokaa, naye akamwamuru Byabato afuate wazee. Mfuko wa simenti haukuwahi kupanda kile kilima.

"Kwa hiyo hakuna simenti aliyoiba, kwa sababu hapakuwa na simenti."

"Hakuna hata kijiko."

"Na viungo vyake vimeshika."

"Vimeshika hata baada ya kuanguka. Kazi ya Byabato ndiyo pekee iliyosimama hapa, Sajini."

Kokushubila aliandika hayo, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akaona kama jua limetoka. Halikukaa. Nyuma ya kisiki palikuwa na shimo, na mwenyekiti wa kitongoji alikuwa ameshamwambia njiani habari ya shimo hilo: ni wale wanaotafuta rupia za Mjerumani, wanachimba kila penye jiwe la zamani, na labda ndio walioulegeza mnara. Habari nzuri, kama ingekuwa kweli. Mtu mwingine wa kushika, Byabato akatoka.

Alipiga magoti akalitazama. Wachimba rupia aliwahi kuwakamata Kashozi, anawajua. Wanakuja na sululu, wanachimba mpaka mtu anazama kifuani. Hili shimo halimtoshi hata sungura. Kando yake kulikuwa na lingine, limefukiwa, na lingine upande wa pili. Vilikuwa vishimo vya kijembe cha kupalilia, vimechimbwa kwa adabu, na udongo umerudishwa kwa mkono. Juu ya jiwe la pembeni palikuwa na matone ya nta, meupe, mengine ya zamani yamekuwa na rangi ya udongo.

Mwizi hawashi mshumaa mchana, alijisemea. Na usiku hawashi ili aonekane.

Mbuzi mmoja, jike lenye ndevu, alikuwa amesogea tena. Akaweka ulimi kwenye kisiki. Hapo Kokushubila akaona kile ambacho macho yake yalikuwa yanakipita: upande ule jiwe limeliwa, limeingia ndani kama kijiko, laini, kwa kimo cha mdomo wa mbuzi. Ma Violeth akamjia kichwani, na ua lake, na ndizi zake.

Alimsukuma yule mbuzi. Akatazama kama kuna mtu zaidi ya Gamaliel, akainama, akalamba.

"Chumvi," alisema.

Gamaliel alikuja akalamba naye. Akavua miwani. Akaeleza polepole, kama anayemweleza mtoto, na mtoto ni yeye mwenyewe. Chumvi ikiingia kwenye jiwe la namna hii inakunywa maji ya mvua. Jua likiwaka maji yanatoka, chumvi inabaki, inaganda, inavimba, inasukuma punje ya mchanga mbali na punje nyingine. Mvua ikija, inayeyuka, inaingia ndani zaidi. Hivyo hivyo, mvua na jua, mpaka jiwe linabaki umbo tu. Wakati wa ukarabati yeye na Byabato waliona unga mweupe pale chini. Walidhani ni chokaa ya wazee inatoka. Wakaupiga brashi.

"Utaandika hivyo?" Kokushubila alimuuliza.

Alisema ataandika, na kosa lake mwenyewe ataliandika. Lakini alikuwa na shaka, na shaka yake ilikuwa ya kweli. Fundi yeyote wa Bukoba akipaka chokaa ukutani anatia chumvi kidogo ili ishike. Kila mtu anajua. Ukisema mahakamani kwamba mnara umeuawa na chumvi, hakimu ataangalia nani alikuja na chokaa.

Kokushubila akampigia mkuu wake simu pale pale. Mkuu akasikiliza mpaka mwisho, na jibu lake lilikuwa lile lile la Gamaliel, ila bila upole. Chumvi imezidi kumkaba kijana. Kama kuna mtu mwingine aliyeweka chumvi, na aliiweka kabla ya huyo fundi, basi aletwe, aseme kwa kinywa chake na atie sahihi. Mbuzi hawatoi ushahidi.

Wala Ma Violeth hatoi. Yule ambaye angesimama aseme aliwaona mbuzi wakilamba kabla Byabato hajakijua kilima hiki, amelala Kitendaguro chini ya msalaba wa saruji.

*

Duka la Jamali liko njia panda, chini ya kanisa. Ni la sabuni, sukari, vocha na misumari. Kokushubila alinunua soda, akaiegemea kaunta, akaongea habari za mvua na bei ya kahawa kama mtu asiye na haraka. Jamali ni mtu wa utani. Alimuuliza kama polisi sasa wanafuga mbuzi, maana habari zimeshashuka kwamba afande amekula mnara. Watu wawili waliokuwa kibarazani wakacheka chinichini. Kokushubila naye akacheka, akanywa soda yake, ndipo akauliza ni nani hapa kijijini hununua chumvi nyingi.

"Chumvi gani? Ya kula au ya kusali?"

Utani ulikuwa bado mdomoni mwa Jamali alipouona uso wa Kokushubila. Akaanza kupanga sabuni ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Yeye ni Mwislamu, akasema, mambo ya kanisani hayajui. Yeye anauza tu. Akina mama wa Rozari ndio wanunuzi, tangu tetemeko. Nani kati yao? Wote. Nani anaongoza? Hapo Jamali akatazama nje, akatazama wale wawili wa kibarazani, nao wakatazama miguu yao.

Aliwafuata akina mama mmoja mmoja, mashambani na majikoni. Walimkaribisha, wakamtandikia mkeka, wakampa kahawa ya kutafuna. Alipofika kwenye chumvi, kila mmoja alikuwa na jibu moja, kama kiitikio cha litania: amuulize Ma Klaudia. Mmoja tu ndiye aliyeongeza neno, akimsindikiza hadi mwisho wa kibanja chake cha migomba. Alisema nyumba ile bado ina matanga, na mfiwa hatanguliwi kwa maneno. Wakati wake ukipita watasema. Kokushubila akamwambia wakati huo Byabato atakuwa ameshafungwa. Yule mama akapiga ishara ya msalaba. Alikuwa na uchungu wa kweli, na hakusema zaidi.

Ma Klaudia ni mjane wa Ta Rweyemamu.

*

Nyumba ilikuwa ya bati, na nyasi mbichi sebuleni, zinanuka mvua. Ma Klaudia alikuwa amekaa chini, nguo nyeusi, miguu ameinyoosha, rozari imezungushwa mkononi. Kokushubila alipiga magoti akamwamkia kwa Kihaya, mtoto kwa mzazi, akasema pole za msiba, akakaa naye kwenye nyasi. Kikapu kidogo cha kahawa kikaletwa katikati yao. Wakatafuna kwanza. Shughuli yoyote haianzi kabla ya hapo.

Ma Klaudia ndiye aliyeanza. Alisema anajua kilichomleta, na maelezo yake ni mafupi: yule kijana wa Kashai alikula simenti, mume wangu amekufa, Mungu anaona. Hamwombei mabaya. Anamwombea kila siku, kwa sababu ameamriwa kuombea adui. Ila msamaha wake na sheria ya serikali ni vitu viwili. Mke wa kijana huyo alikuja hapa msibani, akapiga magoti mlangoni, na watu wakamwambia arudi. "Mimi nilikuwa nimelala ndani, mwanangu waitu. Ningekuwa macho ningempa maji anywe. Lakini kuingia, hapana."

Kokushubila akaacha hayo yatulie. Akauliza, kama anayeuliza habari za mavuno, tetemeko liliwakutaje.

Uso wa yule mama ukafunguka. Akasimulia siku ile jinsi ardhi ilivyonguruma, nyumba ya jirani ilivyokaa chini, na jinsi walivyokimbilia kanisani wakakuta mnara umepasuka. Walilia kuliko walivyolilia nyumba. Wale vijana wa kengele walikufa mara ya kwanza kwa kamba, sasa wanakufa tena? Ndipo yeye, usiku ule ule akisali, akapata wazo. Chumvi iliyobarikiwa kila Mkristo anayo, ya kunyunyiza mlangoni na kwenye kibanja. Kwa nini wafu wasiwe nayo? Tangu hapo kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi akina mama wanakwenda. Wanafukia chumvi pembe zote, wanayeyusha nyingine kwenye maji ya baraka, wanaosha mawe ya chini kwa mikono yao, wanawasha mshumaa. Padri hawakumsumbua. Kubariki alibariki, ya kwenda wapi hakuuliza.

"Hata wakati mnara umefungwa miti, kabla fundi hajaja?"

"Kabla, na wakati yupo, na baada. Fundi akishuka kula, sisi tunapanda. Hatujakosa Ijumaa hata moja. Na tangu hapo, mwanangu, umesikia ardhi imetikisika tena hapa Kyamuhoro?"

Kokushubila alikuwa anaandika. Mkono wake ulikwenda wenyewe, mstari kwa mstari, kwa maneno ya mama mwenyewe, kama inavyotakiwa. Kilichohitajika chote kilikuwa kimeingia: nani, tangu lini, wapi, na kwamba Byabato hakuhusika wala hakujua. Pale chini ilikuwa imebaki nafasi ya sahihi. Ingetosha kumpa kalamu. Ma Klaudia angetia jina lake kwa furaha, kama shahidi wa muujiza, na Joanitha angeondoka kwenye lile benchi.

Sheria inasema maelezo asomewe mwenyewe, ayaelewe, ndipo asaini. Kokushubila akasoma. Alisoma kwa sauti ya kawaida, bila kupanda wala kushuka. Alipomaliza akampa kalamu, na Ma Klaudia akaipokea kwa mikono miwili, akaisogeza karatasi kwenye mwanga wa mlango. Mama huyu hakuishi na katekista bure. Alisoma tena mwenyewe, kidole kinafuata mstari, midomo inatembea.

Kidole kikasimama.

"Sajini, mimi nimekupa habari za mume wangu. Hapa mume wangu hayupo. Ni chumvi tu. Chumvi, chumvi. Kwa nini?"

Kokushubila angeweza kumwambia ni utaratibu wa ofisi. Neno lenyewe lilimfika kwenye ulimi. Akatazama zile nyasi zilizotandikwa kwa ajili ya wageni wa msiba, akaona kwamba jambo hili la chumvi mama atalisikia mahakamani kwa wakili, mbele za watu, kwenye benchi, bila mtu wa kumshika mkono. Hakukuwa na mahali pazuri pa kulisikia. Hapa angalau ni kwake.

Akamwambia. Alitumia maneno ya Gamaliel, kwa Kihaya, machache kadiri alivyoweza: mvua, jua, chumvi inavyovimba, jiwe linavyoliwa kutoka ndani. Akasema mbuzi walijua. Akasema simenti haikuwahi kuwepo. Akasema hakuna aliyekusudia, na Mungu anaujua moyo uliobeba ile chumvi.

"Watanishika?" aliuliza Ma Klaudia. Aliuliza kama mtu anayeuliza saa.

"Sijui, mama. Siwezi kukuahidi. Ninachojua ni kwamba bila jina lako hapo, yule kijana hatoki."

Nje kuku alikuwa anaparua kwenye majani makavu ya migomba. Ma Klaudia aliendelea kutazama karatasi, lakini kidole hakikutembea tena. Kwenye ukuta, juu ya kichwa chake, Ta Rweyemamu alikuwa anawatazama kutoka kwenye picha yake ya jubilei, suti kubwa kuliko yeye, mikono amefumbata.

"Kiuno kinaniuma, siwezi ndoo," alisema mwishowe. "Yale maji ya chumvi, aliyekuwa ananibebea ni yeye."

Kokushubila akanyoosha mkono amshike. Ma Klaudia akaweka kalamu juu ya karatasi, taratibu, kama anayerudisha kitu cha kuazima. Akaiviringa rozari, akaiweka pembeni mwa kalamu. Akajishika ukuta akainuka, akavaa kandambili zake pale mlangoni, akatoka, karatasi akaiacha bila jina lake.